Nyama ya mama mkwe iliishia uwanja wa ndege, na sasa anakuja na nyingine

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla mama mkwe hajapanda ndege. Kazi yangu ni kufua na kupiga pasi mashuka ya hoteli, nina mtoto mmoja tunayemwita Kibonge kwa mashavu yake, na nakuandikia huku nanyonyesha, kwa hiyo mwandiko ukienda upande usinicheke. Mwezi uliopita nilimpeleka mtoto akaonwe na bibi yake, mama wa mume wangu, anayeishi nchi nyingine, mume wangu mwenyewe ni fundi friji na alikosa ruhusa kazini, basi nikaenda peke yangu, na mshauri, yule mama alinitunza kama yai, akawa anamwita mtoto "mume wangu" na hakumshusha mgongoni mpaka siku ya kuondoka, na siku hiyo akanifungia nyama aliyoikausha mwenyewe kwa moshi, akaizungushia nepi na kuisukuma chini kabisa ya begi la mtoto, "Huko hawapekui," akasema, "na mwambie mwanangu asimgawie mtu."

Tulipotua, afisa wa forodha, dada mmoja mpole tu, akaniuliza kama nimebeba chakula chochote, nikajibu sina, na naapa wakati ule niliona nimesema kweli, maana kwetu chakula ni kile kilichopikwa kikapakuliwa, ile ilikuwa kitoweo! Akafungua begi, harufu ya moshi ikatangulia kutoka.

"Dada, si ulisema huna chakula?"

"Sina, afisa. Hicho ni kitoweo."

"Kwani kitoweo chenu kinavaliwa?"

Foleni nzima ikacheka, na Kibonge naye akacheka, msaliti yule. Afisa akanieleza kwamba nyama isiyo na kibali inaweza kuingiza magonjwa ya mifugo, akanionya, akaitupa kwenye pipa, nami nikatoka nalia kama niliyefiwa.

Sasa kasheshe ni hii: mama alipopiga simu, mume wangu aliona haya kumwambia, akasema, "Mama, tumekula mpaka tumelamba vidole!" na mama kwa furaha akajibu, "Basi nakuja mwenyewe, na ninaleta ya kutosha." Tiketi ameshakata, nyama ameshakausha, hajawahi kupanda ndege, na akiona mtu mwenye sare hutetemeka hata kama hana kosa, nikimwambia mume wangu aseme ukweli ananijibu, "Mama Kibonge, acha, mambo yatajinyoosha yenyewe," nikisema mimi nitaonekana mkwe mchongezi anayemgombanisha mama na mwanawe, nikinyamaza ataaibishwa mbele za watu safari yake ya kwanza kuja kwetu. Nampenda yule mama. Nifanyeje?

Mama Kibonge

MSHAURI ANAJIBU

Pole, Mama Kibonge, na hongera. Wengi wanaoniandikia kuhusu mama mkwe hawamlilii hivyo.

Ila nikugombeze kwanza. Mtu akifungiwa nyama ndani ya nepi, anajua kuna jambo, usijifiche nyuma ya kitoweo. Forodha hawajui kitoweo wala kitafunwa. Kinachoingia mdomoni ni chakula, kiwe kibichi au kikavu, ziwe mbegu, au hilo tunda ulilobakiza kwenye ndege. Ukiwa na shaka, sema "ninacho" kabla begi halijafunguliwa. Ukikitaja, mara nyingi utanyang'anywa tu. Ukikificha, unaweza kutozwa faini, na aliyekufichia nyama kwenye nepi hatakuwepo kukutetea.

Mumeo naye, mwambie mambo hayajinyooshi. Wewe unayepiga pasi kutwa unalijua hilo kuliko yeye.

Leo hii, kabla hajashika bisibisi, ampigie mama yake nawe umekaa kando. Asizunguke. "Mama, ile nyama ilizuiliwa, niliona haya kukuambia, nisamehe." Uongo ulitoka kinywani mwake, ukweli nao utoke humohumo, usiubebe wewe, una mtoto wa kubeba. Mama atanuna? Anune. Kununa akiwa sebuleni kwake ni nafuu kuliko kutetemeka mbele ya meza ya ukaguzi ugenini. Na mumeo akijikuna kichwa mpaka jioni bila kupiga, piga wewe, wala usiogope jina la mchongezi. Mchongezi husema ili mtu aumie. Wewe unasema asiumie.

Akishasema, pokea simu wewe: "Mama, hiyo uliyokausha wagawie majirani. Huku tutanunua nyama, uje unifundishe kuikausha, mimi sijui hata moshi uwe wa kuni gani." Utashangaa. Bibi akipewa kazi ya kufundisha, hakumbuki tena alinunia nini.

Siku ya kumpokea nendeni wote watatu, msimame mbele kabisa penye mlango wa kutokea, asije akawatafuta. Atatoka mikono mitupu. Usimpe maua wala begi. Mpe mtoto.