Waya wa Feni

Jumapili, 25 Februari

Nimechoka hadi kucha. Al Thumama leo, villa ya ghorofa mbili, na ndani baridi kama ya mochari. Kazi: kufunga mashine ya mvuke kwenye bomba la hewa la AC, iongozwe na themostati ileile. Bibi mwenye nyumba ana tundu kooni na mrija wa kupumulia. Hewa ikikauka, makohozi yanaganda ndani ya mrija. Daktari amesema unyevu usishuke chini ya asilimia hamsini.

Nesi wake ni Mkenya – Milka, wa Kapsabet. Tukasalimiana kama watu waliosoma darasa moja. Akanichemshia chai ya kwetu, majani kidogo, maziwa mengi. Bibi wanamwita Mama Kabir, nyumba nzima. Kusema hawezi, lakini alinipungia mkono kutoka kitandani.

Shida ikawa waya. Kebo ya zamani ina nyaya nne na mimi nilihitaji tano. Kuvuta kebo mpya ni nusu siku ndani ya dari, na Collins, supavaisa wangu, Mganda wa haraka, alikuwa ameshapiga simu mara tatu: yalla, fanya haraka, wateja wa Al Rayyan wanangoja. Basi nikatumia akili. Waya wa feni nikaupeleka kwenye mashine ya mvuke. Feni nikaifunga pamoja na kompresa – AC ikipoza, feni inazunguka. Na Doha hii AC inazimwa lini? Miaka saba niko hapa, sijaona nyumba ya watu ikiwa imezimwa AC. Hata kibanda cha mlinzi kina yake.

Nikashusha joto hadi kumi na nane. Feni ikanguruma, mvuke ukatoka. Picha ya skrini kwenye grupu ya WhatsApp, Collins akajibu kwa kidole gumba, kazi imefungwa. Kwa kampuni yetu ukiwa na picha umefanya kazi.

Jumatatu, 26 Februari

Umm Salal. Koili chafu za AC, kumi na moja. Mgongo. Sina la kuandika.

Jumatano, 28 Februari

Upepo wa vumbi tangu jana. Koo limenikauka mimi mzima, sembuse mgonjwa.

Milka amenitumia ujumbe wa sauti. Namba yangu nilimpa mwenyewe, kwa ajili ya ile chai. Anasema taa ya mvuke inawaka mchana kutwa lakini unyevu unasoma ishirini na nane, na kuna doa la maji kwenye siling ya koridoni. Nikamjibu mashine ni mpya, ipe siku mbili tatu, usiguse chochote. Nilimjibu kwa sauti nzito ya fundi. Naijua hiyo sauti. Huwa naitoa nikiwa sijui.

Alhamisi, 29 Februari

Milka tena. Ameandika hivi: tangu Jumatatu amezima AC, kibaridi kimeingia na Mama Kabir alikuwa akitetemeka, akimwonyesha kwa kidole azime. Anauliza kama hiyo ndiyo shida.

Nilikuwa juu ya ngazi. Nikashuka nikakaa chini.

Amezima AC. Kompresa imelala, kwa hiyo feni imelala nayo. Mimi ndiye niliyezifunga pamoja. Mashine inamwaga mvuke ndani ya bomba lisilo na upepo, maji yanadondoka kwenye siling, na chumba cha mgonjwa hakipati kitu. Taa inawaka, kila mtu anaona taa.

Dawa yake ilikuwa maneno mawili tu. Washa AC. Halafu mfunike bibi blanketi. Nikayaandika, nikayafuta. Nikiyatuma yatakuwa kwenye simu yake – atamwonyesha madam, binti wa bibi, madam atampigia Collins, Collins atauliza kwa nini feni haina waya wake. Nikamwandikia: haina neno, Jumamosi nitapita nicheki. Jumamosi si mbali.

Ijumaa, 1 Machi

Ibada asubuhi. Simu ilikuwa mfukoni muda wote, naigusagusa. Nimefua sare mbili. Nimepika ugali na sukuma, nikashindwa kumaliza. Sikupiga.

Jumamosi, 2 Machi

Nimefika saa mbili asubuhi na kebo mpya garini. Geti wazi. Dereva wa nyumba ndiye aliyeniambia: ambulensi ilikuja alfajiri. Mrija uliziba. Milka alivuta makohozi kwa mashine, akabadilisha mrija kwa mikono yake mwenyewe, lakini bibi alishakaa bila hewa. Yuko ICU. Hajafumbua macho.

Sikuingia ndani. Nilimwambia dereva nitarudi siku nyingine, nikageuza gari. Mimi ni mwoga. Acha niandike hivyo, hapa hakuna anayesoma.

Jumatatu, 4 Machi

Ofisini. Collins amefunga mlango. Familia wamelalamika. Nesi anadai mashine haikuwa ikifanya kazi. Madam anasema nesi alilala zamu, bibi akajifia – Collins akajirekebisha, bibi akaharibikiwa – na sasa anatafuta wa kumsingizia. Wakala aliyemleta Milka kazini amemwambia afungashe. Ikithibitika alizembea, si kurudishwa Kenya tu, kuna kesi. Na hata akirudi salama, nani atampa mgonjwa tena?

Mimi ndiye nitakayekagua kesho na kuandika ripoti. Nikauliza kwa nini mimi. Collins akasema nesi mwenyewe ameniomba kwa jina. Kisha akapunguza sauti, akaniambia kampuni inahudumia villa arobaini za familia hiyo na jamaa zao, kwa hiyo nijue ninachoandika.

Nilitaka kumwambia habari ya zile nyaya nne. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikasema sawa, bosi.

Jumanne, 5 Machi

Nimepanda darini saa tatu. Nilikuwa niangalie tu, nipige picha jinsi ilivyo, nishuke. Lakini nilipanda na kebo mpya begani, sasa ya kuangalia tu ni ya nini? Saa tano na nusu nilikuwa nimemaliza. Feni ina waya wake. Mvuke ukiitwa, feni inaamka yenyewe, hata AC ikiwa imezimwa. Kazi safi, kama inavyotakiwa, kama ningefanya siku ile ya kwanza. Nilijiambia ni kwa ajili ya Mama Kabir, akirudi akute hewa nzuri.

Nikashuka. Madam yuko koridoni, Milka nyuma yake, macho yamevimba. Madam akataka kuona. Akazima AC kwa mkono wake, akapandisha unyevu. Taa ikawaka. Tukangoja. Feni ikaanza kunguruma, na hewa ikatoka chumbani kwa bibi hadi pazia likatikisika.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya kule juu.

Madam akamgeukia Milka. Hakupaza sauti. Alimuuliza ni hewa gani hiyo aliyosema haitoki. Milka akasema haikuwa ikitoka, siku tano haikutoka, anaapa. Anaitazama siling kama mtu aliyeibiwa akiwa macho. Akanigeukia, kwa Kiswahili: "Japheth, si nilikuandikia? Si uliniambia haina neno? Waambie, kaka yangu."

Nikasema nitaandika yote kwenye ripoti. Madam akauliza nimesema nini. Nikamwambia, nitaandika kwenye ripoti.

Sasa niko garini, nje ya ukuta. Fomu iko kwenye usukani. Jina la fundi, nimejaza. Tarehe, nimejaza. Chanzo cha hitilafu – mistari mitatu. Collins amepiga mara mbili, sijashika. Gari la wakala limeegeshwa mbele yangu, buti wazi, sanduku moja jekundu ndani. Wanataka karatasi kabla ya saa nane.

Milka ametoka. Amesimama kando ya mlango wangu juani. Ameniambia nisiharakishe, niandike taratibu nisisahau kitu. Amempigia mama yake, amemwambia asilie, yuko Mkenya mwenzake hapa anayejua ukweli na anauandika.

Daftari hili nimeliweka juu ya fomu. Kutoka alipo haoni ni karatasi gani. Anaona tu mkono wangu unavyokwenda, na kila nikigeuza ukurasa anaitikia kwa kichwa, ananishukuru.