Mkuyu wa Ochieng' Usikatwe

Omondi, nani alikutuma umwandikie Ochieng' akate mkuyu, eti unawaita sokwe shambani? Wewe uko mjini Kaloleni, ndizi unanunua soko la Kibuye, halafu unamfundisha ndugu yako kulima huku Uganda! Nyamaza nikueleze nilichoona.

Shamba lake limepakana na msitu wa serikali, na sokwe hutoka humo kutafuta chakula. Leo asubuhi nilimkuta mmoja juu ya mkuyu huo, mama mwenye mtoto mgongoni. Alikuwa anabonyeza makuyu kwa vidole, moja moja. Gumu analiacha, laini anakula, kama mimi nikichagua mapapai sokoni. Nusura nimuulize, "Mama, unanunua ama unapapasa tu?" Mawili yakaanguka, nikaokota nikala. Matamu! Akanitazama, akaendelea kula. Nani alimfundisha?

Migomba ilikuwa hapo chini yake, hakuigusa. Nikamuuliza mke wa Ochieng' kwa nini. Akacheka: "Mama, mkuyu ukizaa wanasahau ndizi. Matunda yakiisha ndipo tunawafukuza kwa madebe." Sasa mkiukata, wajukuu wangu watapiga madebe mwaka mzima? Na ndizi zikiliwa na sokwe, watakula nini?

Ochieng' nimemwambia, hanisikii. Eti kaka amesoma, kaka anajua. Shoka ameshanoa, anangoja tu likizo ya watoto mwisho wa mwezi wamsaidie.

Mimi ni mzima, mvua ni nzuri, nimenenepa. Nawakumbuka wote, wasalimie watoto. Chukua kalamu leo hii, mwandikie ndugu yako auache huo mti, na umwambie wazi kwamba ulikosea.

Mama yako