Marahaba Isiyo na Mwenyewe

Jumanne. Mvua imenyesha tangu asubuhi na Msimbazi yote ni tope. Viatu vyangu nimeviacha mlangoni vichuruzike, na mimi niko kitandani na kikombe cha chai ya tangawizi, nacheka peke yangu kama chizi. Halafu machozi yananitoka. Halafu nacheka tena.

Ngoja nianzie jana.

Shule yetu iko nyuma ya maduka, upande wa Kariakoo, na darasa la Kidato cha Pili B limepakana na mtaa. Chini ya dirisha kuna muuza mashuka mwenye spika. Amerekodi sauti yake mwenyewe, inajirudia kutwa nzima: "Bei ya kutupa, mama, bei ya kutupa!" Nafundisha Hisabati juu ya kelele hiyo. Kipindi ni kifupi, watoto wamejaa mpaka mlangoni, kwa hiyo mwenzenu nimejifunza kubana muda, na salamu ndiyo ya kwanza kubanwa. Naingia na chaki mkononi, wanasimama, na kabla hawajafika hata katikati ya "Shikamoo mwalimu" mimi nimeshamaliza: "Marahaba, kaeni, fungueni madaftari."

Najua wananiita Madam Marahaba. Huwa najifanya sijui.

Jana niliingia hivyo hivyo. Wakakaa wote. Somoe hakukaa.

Somoe ni binti mrefu, mkimya, anaishi Ilala na bibi yake, watu wa Lindi. Dawati lake ni la mbele na hana makuu. Nikamuuliza, vipi, mbona umesimama? Akanijibu kwa sauti ya adabu kabisa, ila na kitabasamu kidogo pembeni ya mdomo:

"Bado sijakuamkia, mwalimu."

Jamani! Darasa lililipuka. Huko nyuma mmoja akapiga meza, mwingine akaigiza ile spika, "Marahaba ya kutupa, mama, marahaba ya kutupa!" Wakacheka mpaka muuza mashuka mwenyewe akapunguza sauti asikilize kuna nini. Masikio yaliniwaka moto. Na kile kitabasamu ndicho kilichoniua. Nikamtoa Somoe nje, nikampeleka mwenyewe kwa mwalimu wa nidhamu.

Nisilaumiwe sana. Ofisini kwetu siku hizi hakuna wimbo mwingine, ni watoto hawana adabu, watoto hawana adabu. Kuna aliyemwambia mwalimu wa zamu "Mambo ticha?" huku mikono iko mfukoni. Kuna mwalimu alisinzia wakati wa mtihani, wakampiga picha, ikazunguka kwenye simu za watu mpaka ikamfikia mke wake. Sasa na mimi nimepata zamu yangu, nikajiambia.

Mwalimu wa nidhamu hakupoteza muda. "Samaki mkunje angali mbichi," akasema. Viboko pekee haviwatoshi hawa, huyu asimamishwe wiki mbili, wenzake wapate funzo. Nikakubali. Nilikubali haraka sana, mtihani wa taifa wa Kidato cha Pili uko mlangoni na wala sikuufikiria. Akaitwa mlezi wake aje leo.

Leo bibi akaja. Kanga imelowa, kandambili mkononi kwa ajili ya tope, biashara yake ya korosho kamwachia jirani. Akapiga hodi, akaingia ofisini, Somoe yuko nyuma yake.

Nikainuka nimpe heshima yake. Mtu mzima yule, wa kumzaa mama yangu. Wallahi moyoni nilikuwa na "Shikamoo bibi" nzima nzima. Nikafungua mdomo, ikatoka:

"Marahaba!"

Nilitaka ardhi ipasuke. Unamwitikiaje mzee ambaye hajakuamkia, ambaye wewe ndiye wa kumwamkia? Ni kama umemwambia, piga goti wewe, nakusubiri. Bibi alisimama, ananitazama. Mwalimu wa nidhamu akaangalia dari. Nami mdomo bado uko wazi.

Ndipo nikasikia sauti nyuma ya ile kanga iliyolowa.

"Shikamoo mwalimu."

Ni Somoe. Kaisema haraka, wazi, goti kalikunja kidogo. Yule yule wa jana.

Bibi akageuka kumtazama mjukuu wake, uso ukamlegea. Akaona basi, marahaba ilikuwa ya mtoto. Na kwa nini asione hivyo? Shule nzima inajua mimi huitikia kabla ya salamu, na mjukuu wake hakosi kumsimulia. Nikapata pumzi, nikainama, nikasema, "Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Poleni na kazi."

Tukakaa. Mwalimu wa nidhamu akaeleza kosa na adhabu. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, kisha hakumgeukia yeye, akanigeukia mimi.

"Mchape, mwalimu. Nimekuruhusu, na nikifika nyumbani naongeza. Lakini usimrudishe nyumbani. Mjomba wake ana duka la vitenge hapa Kariakoo, tangu mwaka jana anamtaka akamuuzie. Akikaa nyumbani wiki mbili atampeleka dukani, na hatoki tena. Namjua huyo mjomba, ni mwanangu, nimemzaa mwenyewe."

Nikamtazama Somoe. Leo hakukuwa na tabasamu. Alikuwa ameng'ang'ania pindo la kanga ya bibi yake kama mtoto wa chekechea, na jicho lake lilikuwa kwangu, si kwa mwalimu wa nidhamu. Alijua neno ni langu.

Nikasema hajanikosea. Nikasema mtoto aliyekataa kukaa kabla hajamwamkia mkubwa wake, tukimfukuza huyo, tutabaki na nani? Arudi darasani sasa hivi.

Mwalimu wa nidhamu akafunga faili lake kwa kishindo. "Haya. Wakikupanda kichwani usiniite." Ana hofu yake, na si ya bure, hata mimi ninayo. Bibi alinishika mikono yote miwili, akaniombea dua ndefu mpaka nikaona haya, kisha akakimbilia korosho zake.

Nikamsindikiza Somoe hadi kwenye ngazi. Nikamuuliza, kwa nini umeniokoa mle ndani?

Akainua mabega. "Niliona ile marahaba imekosa mwenyewe, mwalimu."

Nikacheka, ikabidi. Nikamuuliza tena, na jana, ulikuwa unanikejeli?

"Kidogo," akasema, na kale kakitabasamu kakarudi. Mkweli huyu mtoto! Halafu akaangalia chini. "Lakini kweli nilikuwa sijakuamkia. Tangu Januari sijawahi kuimaliza."

Tangu Januari.

Yaani mwaka mzima mtoto ananipa heshima yangu na mimi naikatia njiani, kisha nakaa ofisini na wenzangu tunaimba hawana adabu. Sijui nilirudi nyumbani vipi na hii mvua. Nilimpenda yule mtoto pale kwenye ngazi kama wa kwangu, lakini nikamwambia tu, wahi kipindi.

Sisemi wote ni Somoe. Aliyepiga meza jana atapiga tena, namjua. Lakini hata yeye sijawahi kumsikia akiimaliza.

Kesho kipindi cha kwanza ni chao. Nimefanya mazoezi hapa chumbani, msinicheke. Nikatoka nje, nikaingia, nikasimama, nikanyamaza. Ulimi uliniwasha kama nimelamba pilipili. Marahaba ilikuwa pale pale kwenye meno, inasukuma.

Spika ya mashuka ipige kelele zake, na kipindi kikipungua kipungue. Nitasimama mbele yao mpaka sauti ya mwisho imalize, na najua ya mwisho itatoka dawati la mbele.

Halafu nitamwitikia.