Ufunguo Uliozama kwenye Tindikali

Mama watoto,

Natumaini homa ya kitinda mimba wetu imekwisha. Mimi mzima, ila kifua kinanibana kidogo.

Siku hizi wamenipa kazi ya kuchemsha majani ya mpera. Usicheke. Hapa kiwandani tunaloweka vyuma kwenye pipa la tindikali ili kutu itoke, lakini tindikali ikimaliza kutu huanza kula chuma chenyewe. Ukiichanganya na maji ya majani, yanagandia chuma na kukikinga. Wenzangu wananiita Mganga. "Mganga, mgonjwa anaendeleaje?" wanauliza. Nawajibu, "Ameoga, anapumzika."

Jumanne nilipoinama, ufunguo wa nyumba yetu ulichomoka mfukoni ukatumbukia humo. Nilitaka kuingiza mkono. Msimamizi akanivuta kwa ukosi: "Mzee, ufunguo unachongwa mwingine. Mkono je?" Tuliusaka kwa sumaku yenye kamba karibu nusu siku. Ulitoka mweupe, meno yote yapo. Bila yale majani ungekuwa umelika.

Sasa nauvaa shingoni. Kaka yako aliniambia kwamba umebadilisha kitasa. Miaka minne si mchezo, na najua umechoka kusikia kwamba narudi. Mkataba unaisha mwezi ujao na nimekataa kuongeza. Kama kitasa ni kipya, niambie tu ukweli. Nitakuja vilevile, nipige hodi kama mgeni, halafu wewe ndiye utakayeamua.

Mumeo,
Baba watoto