Pipa la Njano Lina Maji ya Kunawa

Jumatatu, 12 Mei 2025

Mifereji imekauka tena Gatongora. Meneja wa kliniki yetu, Gachau, ameniamuru nioshe pipa la njano, lile la taka zenye damu, nilijaze maji ya kunawa mikono. Ati lina kifuniko kizuri. Nikamuuliza pamba za damu na sindano zitaenda wapi. "Weka kwa paper nyeusi, ufunge mara mbili." Mfuko mweusi ni wa karatasi na maganda ya ndizi! Boksi la sindano nalo limejaa tangu Alhamisi. Nilinung'unika. Kisha nikafunga. Mara mbili.

Jumanne, 13 Mei

Kiilu, anayetuzolea taka kwa mkokoteni, amedungwa asubuhi. Alitupa mfuko begani, akaruka. Sindano niliiona kwa macho yangu, imetoboa plastiki zote mbili. Gachau akambandika plasta, akamwambia ni kipande cha chupa. Kiilu akamshukuru. Mimi nikajifanya napiga deki. Fundo lile nililifunga mimi.

Jumatano, 14 Mei

Sijalala, sijala. Carolyne wa maabara amenieleza: dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianzwe ndani ya siku tatu. Na Kiilu ana mtoto wa miezi minne.

Saa ya lunch nimemfuata Kiilu hadi yadi yao ya mikokoteni, nikamwambia yote, hata nani alifunga. Alinitazama sana.

"Na jana ulikuwa wapi, Mama Mwendwa?"

Naona aibu hata kuandika. Nikampeleka hospitali ya serikali, akameza kidonge cha kwanza mbele yangu — bado siku ishirini na saba.

Ijumaa, 16 Mei

Mkaguzi wa afya anakuja saa nne. Gachau ameniletea karatasi, imeandikwa kwamba sindano sikuiona. "Sign tu hapa, mum. Tusiharibiane kazi."

Kazi naihitaji. Sahihi yangu hapati. Nimechukua daftari la ajali nikaandika: Kiilu, sindano, mfuko mweusi, umefungwa na mimi, Kaveke Mwanzia. Kwa kalamu ya wino.

Sasa anataka nimwage maji, pipa lirudi mahali pake kabla mgeni hajaingia. Nimekataa. Nimelikalia — naandika haya juu ya kifuniko. Ameniomba kwa upole, amenitisha, ameniomba tena. Sisimami.

Gari limefika. Gachau ametoka mbio kumpokea, anacheka kicheko cha wageni. Namsikia mkaguzi mlangoni, mama mwenye sauti nzito. Anauliza atanawia mikono wapi.