Nilimnyima Mdogo Wangu Maji

Mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, na jina langu usilitaje maana hapa Mbamba Bay tunajuana wote. Mimi ni mama mwenye duka, naishi na mdogo wangu Kauthar, mgonjwa wa akili mwaka wa saba sasa, kila mwezi nampeleka kuchomwa sindano na kwa kweli imemtuliza, haongei tena peke yake wala hakimbii ovyo, lakini tangu sikukuu ya Idi ameanza kunywa maji bila kiasi, ndoo nzima kwa siku, analowesha kitanda kama mtoto, amekonda, na kidole cha mguu kina kidonda wiki ya sita hakifungi, nami nikasema ni wazimu ule ule, nikawa nambembeleza kwa soda za dukani, si unajua siku hizi za biashara huria hazikosekani, anakunywa nne, tano, kiu iko pale pale. Nikichelewa kufua shuka nakuta sisimizi wamejaa, jirani akasema huo ni uchawi, nikaamini. Juzi walikuja wageni kumposa binti yangu, Kauthar akatokea uani akachukua birika la udhu la mzee wao akanywa maji yote mbele yao, mshauri, nilitamani ardhi inimeze, nikamfungia stoo tangu asubuhi mpaka Alasiri bila tone la maji, akawa anagonga mlango, “Dada, nina kiu. Wallahi, dada, nina kiu tu,” nami nikaongeza sauti ya redio. Nilipofungua nilimkuta amelala chini anahema, midomo imepasuka. Tangu siku hiyo siwezi kumtazama usoni. Nimpeleke kwa mganga, au niombe sindano iongezwe?

Mwenye aibu, Mbamba Bay

Marahaba, mwanangu. Aibu hiyo unaistahili, ila usikae ndani ukaililia huku mdogo wako anakwisha. Kiu, mkojo mwingi, kukonda, kidonda kisichopona, na hao sisimizi! Sisimizi hawafuati uchawi, wanafuata sukari. Mimi si daktari, lakini dalili hizo angekuwa nazo binti yako, ungeshapanda gari kwenda hospitali kitambo. Kwa kuwa ni Kauthar, kila kitu ni wazimu. Nani alikudanganya kwamba mgonjwa wa akili haumwi mwili?

Kwa mganga usiende. Sindano usiombe iongezwe wala usiikatishe mwenyewe. Dawa nyingine za akili huweza kuchangia kupandisha sukari, kwa hiyo daktari aambiwe kila kitu. Soda marufuku kuanzia leo. Maji mpe, anywe mpaka atosheke. Kesho gari la kwanza, apimwe sukari, na kidonda kionekane. Akianza kutapika au kulegea, usingoje hiyo kesho.

Kabla hamjatoka muombe radhi, anaelewa vizuri sana. Na mkifika, nesi akikuuliza wewe, mgonjwa anasumbuliwa na nini, usijibu. Mwambie amuulize Kauthar.