Kipimajoto Nilichomletea Baba

Kimani ndugu yangu,

Elburgon kukoje? Mama anaendeleaje na miguu yake, na mvua imewaacha mchimbe viazi? Mimi mwili ni mzima. Huku Ghuba joto halijapungua, na mzee ninayemtunza ameanza kusahau jina langu. Nakuandikia barua kwa sababu simu zangu hushiki, na kwa sababu nataka haya yasikiwe na wengine pia.

Unakumbuka likizo ile nilimletea Baba kipimajoto. Nilichagua cha bei ya chini kuliko vyote dukani, nikaringa nacho pale nyumbani kama nimeleta hospitali nzima. Baada ya mazishi nilikitoa mfukoni mwa koti lake nikarudi nacho huku.

Wiki mbili zilizopita mzee wangu alianza kutetemeka. Nikampima: thelathini na sita nukta saba. Nikamfunika blanketi, nikaendelea kupika. Mchana nesi wake akaja, akamshika shingo tu, akaniuliza, "Huyu umempima?" Nikasema yuko sawa. Akatoa kipimo chake. Karibu thelathini na tisa.

Hakunigombeza. Alisema, "Kitu kama hiki unakijaribu kwanza, ndio uamini." Akaomba kikombe cha maji vuguvugu, tukatia ncha za vyote viwili pamoja, tukangoja vilie. Changu kilikuwa chini ya chake kwa nyuzi mbili. Tukamwaga, tukatia maji mengine. Vilevile. Nikajipima mwenyewe, mzima hivi nilivyo, kikasema thelathini na nne na nusu. "Mtu wa joto hilo hasimami jikoni," nesi akasema. Ilituchukua dakika kumi, Kimani, na kikombe cha maji.

Alipoondoka nilikaa nikakumbuka siku za mwisho za Baba, moja moja. Jumatatu mke wako Wambui alinipigia. "Dada, Mzee anachemka. Nikimgusa ni kama sufuria." Nikamuuliza kipimo kinasema nini. "Thelathini na saba." Nikamwambia, "Basi hana homa. Mkono wako si mashine." Jumatano akapiga tena akilia, anataka gari la kumpeleka Baba hospitali Nakuru. Nikamwambia aache kumtia Mzee wasiwasi, ampe uji na dawa ya maumivu. Ni mimi niliyesema hivyo. Mlipomfikisha Ijumaa mapafu yalikuwa yamejaa, na daktari akawaambia mmechelewa.

Halafu pale kaburini Baba Mkubwa akasimama mbele ya watu akasema mke wa boma hili alimwacha mzee afe huku yeye akiuza viazi sokoni. Mimi nilinyamaza kwa sababu niliamini kipimo, nikadhani homa ilianza Alhamisi Wambui akiwa sokoni. Wewe ulinyamaza ukijua. Si uliniambia mwenyewe, tukirudi kutoka mochari, "Hata mimi nilimshika paji la uso, alikuwa moto"? Ukamwacha Wambui afunge nguo zake na za watoto, arudi kwao Olenguruone, na wewe ukaenda kazini kupasua mbao kama siku nyingine yoyote. Usiniambie ulikuwa unaheshimu wazee. Uliogopa.

Sasa nisikize. Jumapili, Baba Mkubwa akija kunywa chai, msomee barua hii mbele ya Mama, yote, bila kuruka sehemu yangu. Kama anataka mtu wa kulaumu, aniite mimi. Baada ya hapo uende Olenguruone mwenyewe, usitume watu. Wambui akikataa kurudi, usimbembeleze kwa kumtaja Mama wala watoto. Ana haki.

Msalimie Mama, umwambie nitampigia jioni akiwa peke yake. Msalimie shangazi yetu wa Njoro, ndiye pekee aliyemshika Wambui mkono siku ile. Baba Mkubwa naye msalimie, ingawa naandika hivyo kwa shida.

Nilishampigia Wambui, nikamweleza kila kitu na kumwomba msamaha. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza jambo moja tu: "Na Kimani amesemaje?" Nikamwambia nitakuandikia.

Ni mimi dada yako,
Njeri